Kura ya Namba Sita

Jumatatu, 14 Julai 2025. Bunda.

Naliomba radhi daftari hili. Ukurasa uliotangulia ni wa Februari, na unaishia katikati ya sentensi kuhusu jirani na mbuzi wake. Mbuzi alikwisha kuliwa. Jirani tunasalimiana. Miezi mitano nimekaa kimya kwa sababu hapakuwa na jambo la kuandika. Leo lipo.

Mkataba wa hali bora umefika! Kurasa kumi na moja, zimepigwa chapa pande zote mbili. Nimekabidhiwa mimi, kwa kuwa ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda chetu cha kuchambua pamba, mbali na kazi yangu ya ukarani wa mizani. Mwajiri na viongozi wa chama wamekwisha kuelewana. Sasa wafanyakazi wapige kura. Wakiuridhia, utasainiwa. Wakiukataa, viongozi watarudi mezani.

Kifungu cha 14 nimekisoma mara nne. Mfanyakazi ambaye jina lake limekuwa katika kitabu cha kiwanda kwa miaka ishirini, hadi kufikia tarehe 30 Juni mwaka huu, atapewa mabati arobaini na cheti. Cheti wanaweza kubaki nacho.

Nyumba yangu ya Butiama ina kuta na milango, haina paa. Huu ni mwaka wa tatu. Mke wangu Sabina analala katika jiko la nyasi lililo nyuma yake. Kila mvua za vuli zinapoanza hunitumia ujumbe wa neno moja: "Zimeanza."

Kifungu cha 9 nimekisoma mara moja. Kinawahusu wafanyakazi wa msimu. Kinasema kwamba kila msimu mpya mwajiri atamwita amtakaye.

Tuko themanini na saba. Wa kudumu thelathini na sita. Wa msimu hamsini na mmoja, karibu wote wanawake wanaotoa takataka kwenye pamba. Hao wakikiona kifungu cha 9 wataukataa mkataba mzima, pamoja na mabati yangu ndani yake.

Kwa hiyo wasipige kura.

Jumanne, 15 Julai.

Mkutano wa tawi, bandani, baada ya zamu ya asubuhi. Mwenyekiti wetu Nyamhanga, fundi mitambo, alifungua kama kawaida yake kwa kuuliza kama mkutano utakuwa mrefu. Niliwasilisha hoja: mkataba uridhiwe na wafanyakazi wa kudumu peke yao, kwa kuwa ndio wanaobaki kiwandani mashine zikizimwa. Hoja ilikuwa na utangulizi na aya tatu.

Hyasinta, msemaji wa wanawake wa msimu, hakuingoja aya ya tatu.

"Ada ya chama ikikatwaga, haiulizagi kama mimi ni wa msimu," alisema. "Kura ndiyo inaniuliza?"

Watu wakacheka. Nyamhanga naye akacheka, jambo ambalo halimo katika kazi za mwenyekiti.

Kisha akainuka Rhobi, polepole, maana ni mjamzito. Akakumbusha kwamba msimu huu wanawake wawili waliojifungua hawakuitwa tena, na hakuna aliyeeleza sababu. Akauliza kama yeye ataitwa msimu ujao, akiwa na mtoto wa kunyonya. Nikamjibu kwamba kifungu cha 9 hakikatazi kumwita. Akasema hakikatazi kumwacha pia. Akaketi.

Hoja yangu ilipata kura moja. Katika muhtasari nimeandika kwamba iliahirishwa.

Jumatano, 16 Julai.

Nimepata njia! Nimeipata getini, saa moja kasorobo asubuhi, bila kuitafuta.

Pale getini pana ubao wenye misumari, na kila msumari una kisahani cha bati chenye namba. Mfanyakazi akiingia huchukua kisahani chake, akitoka hukirudisha. Mlinzi, mzee Mihayo, huandika namba. Haangalii sura. Ameniambia mwenyewe kwamba sura hazimhusu.

Matokeo yake kila mtu wa Bunda anayajua. Namba ni mali ya ukoo. Mtu akiugua, humpa mdogo wake kisahani. Akihama, humwachia mke wa mwanawe. Huyo Rhobi anaingia kwa namba 19, ambayo kitabuni ni ya mama mkwe wake, Esther, aliyeandikishwa mwaka 2003 na ambaye sasa analima mihogo Buswahili. Nilisimama getini hadi saa mbili na daftari la muhtasari. Nimehesabu wanawake ishirini na tisa wanaofanya kazi kwa majina ya watu wengine.

Mpiga kura lazima awe mwenye jina. Katibu gani atapinga hilo? Mimi ndiye katibu.

Kwa ajili ya ukweli, na kwa kuwa daftari hili hufungiwa sandukuni, naongeza yafuatayo. Namba yangu ni 6. Iliandikishwa tarehe 20 Juni 2005 kwa jina la Florian, kaka yangu. Florian alifanya kazi wiki sita, akachukia vumbi la pamba, akaenda Musoma kuuza dagaa katika mwalo wa wavuvi wa Mwigobero. Jumatatu iliyofuata kisahani nikakichukua mimi, Gabriel. Tangu siku hiyo kiwanda kizima kinaniita Florian, nami naitika.

Hili la kwangu ni tofauti. Wale wanashikilia namba za watu. Mimi nimeizoea.

Alhamisi, 17 Julai.

Tangazo nimelibandika kabla ya king'ora. Linasema: atakayepiga kura aje na kitambulisho cha taifa, na jina lililomo lilingane na jina la namba yake kitabuni. Nimepiga mstari chini ya neno "lilingane".

Saa nne Hyasinta alikuja mizanini. Hakuja na robota la pamba wala karatasi, alikuja na mikono kiunoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba jambo la namba halisemwi kiwandani. Wakubwa wanalijua, wadogo wanalijua, na kwa sababu halisemwi watoto wa watu wanakula. Nikamwambia kwamba chama huendeshwa kwa katiba, hakiendeshwi kwa huruma.

Akashusha mikono kiunoni.

"Sawa, mzee Florian," alisema. "Gabriel hajambo?"

Nikamjibu kwamba hajambo.

Ijumaa, 18 Julai.

Hakuna anayenisalimu. Kazi inakwenda haraka zaidi.

Wakati wa chai niligundua kwamba tangazo langu halikuniacha mimi. Nililisoma mara tatu. Halikuniacha. Kitambulisho changu kinasema Gabriel.

Kesho nakwenda Mwigobero. Tumefanana na kaka yangu tangu utotoni, isipokuwa masikio. Nitaazima kitambulisho siku moja tu.

Jumamosi, 19 Julai. Musoma.

Nilimkuta Florian akigeuza dagaa waliotandazwa kwenye nyavu juu ya mchanga. Ana banda la kuwaweka wakati wa mvua. Nusu ya paa lake ni turubai na nusu nyingine ni hewa. Nilipaswa kulitazama banda lile kwa makini zaidi kabla ya kufungua mdomo.

Tukasalimiana. Nikamweleza kwamba kuna uchaguzi mdogo wa kiofisi na kwamba jina lake linahitajika kwa saa mbili. Akauliza uchaguzi wa nini. Nikampa mkataba, nikijua kwamba hapendi kusoma.

Aliusoma wote. Alikaa juu ya ndoo akausoma kurasa zote kumi na moja, midomo ikimchezacheza. Nadhani yeye ndiye mtu wa kwanza kuumaliza. Kisha akarudi kwenye kifungu cha 14.

"Haya mabati arobaini ni ya nani?" aliuliza.

Nikamwambia ni ya Florian.

Akageuka akalitazama banda lake.

"Basi usihangaike na kitambulisho, mdogo wangu. Nitakuja nacho mwenyewe."

Nimerudi na dagaa kilo moja, bila kitambulisho.

Jumatatu, 21 Julai.

Nimebandua tangazo. Nimebandika jipya: vitambulisho havihitajiki, sura inatosha.

Nyamhanga amelibandua hilo la pili na kulibandika tena la kwanza, akilipiga misumari minne. Amesema mambo ya namba yamekwisha kusemwa, hayawezi kurudi mdomoni, na kwamba Ijumaa alimpigia simu Bi Ursula, afisa wa chama wa mkoa. Atakuja Jumatano kutoka Musoma kusimamia kura. Bi Ursula amesomewa tangazo langu katika simu na ameuliza ni nani aliyeliandika. Nyamhanga alimtajia jina la Florian.

Ujumbe kutoka Butiama. Sabina anauliza misumari ya mabati anunue ya inchi ngapi.

Sijajibu.

Jumanne, 22 Julai.

Nimefikiri upya. Mkataba ukipita, mabati yanakwenda Mwigobero kukaa juu ya dagaa. Bora yasiende popote. Mkataba lazima uanguke!

Saa ya mapumziko niliwaendea wanawake wa msimu waliokuwa wakila mihogo nyuma ya godauni. Nikawasomea kifungu cha 9 kwa sauti, polepole. Nikawauliza kama ni haki mama aliyejifungua asiitwe tena kazini. Nikataja jasho lao. Nikasema kwamba mimi binafsi sitaweza kulala vizuri kama Rhobi ataachwa. Sauti ilinitetemeka mahali panapofaa.

Walisikiliza wakitafuna. Rhobi akauliza kama mimi ni yule yule wa Jumanne iliyopita. Hyasinta akamwambia kwamba hilo ni swali gumu, amwache mzee apumzike.

Jumatano, 23 Julai.

Naandika yote kwa mpangilio, maana huenda yakahitajika kama ushahidi.

Bi Ursula alifika saa tatu na sanduku la kura la mbao. Ni mwanamke mfupi, mtulivu, hamalizi chai yake. Kazi ilisimamishwa, sote tukaingia bandani. Aliuliza tunabishania nini. Tukasema wote kwa pamoja. Akangoja. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo:

"Mkataba huu ukisainiwa utamfunga nani? Utalifunga jina la kitabuni, au utamfunga mtu anayekuja hapa asubuhi? Anayefungwa na mkataba ndiye anayepiga kura. Wa kudumu, wa msimu, wote."

Hyasinta alipiga makofi mara moja tu, kama mtu anayeua mbu.

Bi Ursula akaendelea. Kila anayefanya kazi kwa namba ya mwingine asimame, ataje jina lake halisi, wenzake wawili wamshuhudie. Ataandikwa upya kwa jina lake, na miaka yake itahesabiwa tangu siku aliyoanza yeye mwenyewe. Mwajiri amekwisha kukubali. Hataadhibiwa mtu. Lakini ni leo.

Nilitarajia kwamba hakuna atakayesimama. Jambo ambalo halijasemwa kwa miaka yote hiyo!

Rhobi akasimama wa kwanza. Akasema yeye ni Rhobi, si Esther, na alianza mwaka juzi. Mashahidi walikuwa sita. Baada yake wakasimama wengine, mmoja mmoja, wakitaja majina yao kana kwamba wanajitambulisha kwa wakwe. Mzee Mihayo aliyaandika yote, na kwa mara ya kwanza alikuwa akiinua kichwa kutazama sura. Ishirini na tisa.

Bi Ursula akauliza kama amebaki mtu.

Nikaona watu themanini wakitazama viatu vyangu.

Nilikuwa nikihesabu. Gabriel alianza tarehe 1 Agosti 2005. Hadi 30 Juni ya mwaka huu Gabriel ana miaka kumi na tisa na miezi kumi na mmoja. Zile wiki sita ni za Florian. Bila wiki sita, hakuna mabati. Sikusimama.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia kaka yangu, amevaa shati la kanisani, ananuka dagaa kwa mbali. Mihayo akamuuliza namba. Akasema sita. Mihayo akasema namba sita yumo ndani tangu saa moja.

Bi Ursula akaweka kikombe chini. Akasema Florian asimame.

Florian alikuwa tayari amesimama. Nami nikasimama.

Sitaandika kicheko kilivyokuwa. Kilidumu. Bi Ursula peke yake hakucheka. Alikitazama kitambulisho cha kaka yangu, akanitazama mimi, akanisogelea na kuniambia taratibu kwamba kama mimi ni mtu mwingine, niseme sasa hivi, nitaandikwa na kupiga kura yangu kama wenzangu. Nikamuuliza kama wiki sita za mtangulizi zinahamishika. Akasema hazihamishiki. Nikamwambia kwamba basi nahitaji muda wa kufikiri mimi ni nani.

Karatasi ya namba 6 ilikuwa moja. Mwenye kitambulisho ndiye aliyepewa. Florian aliijaza mbele ya watu wote, akatangaza kwamba amekubali, tena sana. Bi Ursula hakuitia sandukuni. Aliifunga katika bahasha, akapiga mhuri juu ya gundi, akasema itaamuliwa ofisini Musoma kama kura hiyo ni halali au si halali.

Kisha tukahesabu sanduku. Waliokubali, arobaini na watatu. Waliokataa, arobaini na watatu.

Tukahesabu tena. Hivyo hivyo.

Sheria ya chama inataka zaidi ya nusu. Bahasha ikifunguliwa, mkataba umepita. Bahasha ikitupwa, mkataba umeanguka. Bi Ursula aliitia mkobani, akaondoka na basi la saa nane. Chai yake ilibaki.

Alhamisi, 24 Julai.

Kaka yangu amelala kwangu. Amekula ugali wangu, amesifu kitanda changu, amenieleza jinsi atakavyoezeka banda, na kwamba mabati yakizidi atajenga choo. Nimemsindikiza stendi. Aliniambia nisikate tamaa, nije wakati wa kuezeka, atahitaji mtu wa kushika ngazi.

Nyamhanga ameniomba nipumzike kidogo kuandika matangazo.

Jumapili, 27 Julai. Butiama.

Nimekuja nyumbani kumweleza Sabina. Alinisikiliza akiwa amesimama ndani ya nyumba yetu, mahali ambapo patakuwa sebule. Jua lilimpiga utosini. Misumari alikwisha kununua, ya inchi tatu, imo kwenye kopo mlangoni. Nilipomaliza akaniuliza padre alimfungisha ndoa na nani, na Gabriel au na Florian, maana angependa kujua kabla ya mvua.

Mchana akaja mgeni ambaye sikumtarajia. Hyasinta! Amepanda gari kutoka Bunda siku yake ya mapumziko, akanywa maji, akamsalimu Sabina kwa heshima, akaketi mbele yangu.

Alisema mambo haya. Bi Ursula amewaambia kwamba nikijiandikisha kwa jina langu kabla ya uamuzi, shauri limekwisha: namba 6 haina mwenyewe kiwandani, bahasha inatupwa, mkataba unarudi mezani. Huko mezani wanawake wataomba kifungu cha 9 kibadilishwe, ili aliyefanya kazi msimu huu aitwe kwanza msimu ujao. Rhobi atabaki na kazi yake. Na kwa kuwa meza itakuwa wazi, wameamua waombe pia kifungu cha 14 kisogezwe, kiishie Desemba badala ya Juni. Nyamhanga amekubali kulisemea. Kufika Desemba, Gabriel atakuwa na miaka ishirini na zaidi, kwa jina lake mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini wanifanyie hivyo. Akasema hawanifanyii mimi. Wamemwona Sabina anavyoishi.

"Gabriel," alisema. Hajawahi kuniita hivyo. "Sema jina lako tu. Ni neno moja."

Sabina alikuwa amesimama mlangoni na kopo la misumari mkononi.

Nikamjibu kwamba nimelipokea pendekezo na nitalifanyia kazi. Akaondoka bila kugeuka.

Ni pendekezo zuri, lakini lina udhaifu. Linategemea watu. Nimeamua kutumia njia ya uhakika zaidi. Nimeandika barua mbili kwa ofisi ya Musoma. Katika ya kwanza, Gabriel anaomba atambuliwe mtu, lisitambuliwe jina. Katika ya pili, Florian anaomba litambuliwe jina, ila mabati yakabidhiwe kwa karani wa mizani, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Hii ya pili nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Barua haziafikiani, lakini mojawapo lazima ishinde.

Aidha, nimekumbuka jambo. Rhobi amepewa namba mpya, namba 88. Maana yake ni kwamba kisahani cha namba 19 kinaning'inia msumarini bila mtu, na kitabuni kina miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyekidai. Mwenye jina yuko Buswahili na mihogo yake, kilomita chache kutoka hapa nilipo. Kesho nitapita kumsalimu.

Anaitwa Esther. Sioni kwamba hilo ni tatizo kubwa, Mihayo akirudi kuandika namba bila kuangalia sura.

Ofisi ikishaamua, nitaandika.